Ng'ombe Walioko kwa Watu

Kambi ya Utafiti wa Mifugo,
Kilimani,
4 Februari 1950

Dada yangu mpenzi Luciana,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Mimi mdogo wako Bonaventura sijambo, ila mvua za huku zimenishika kifua. Mama anaendeleaje na mguu? Na Theodora, surua imemwisha? Uliponiandikia kwamba macho yamemvimba na hawezi kutazama mwanga, nilikosa raha kazini siku nzima.

Nikueleze habari za kazi, maana uliuliza kama bado naosha chupa. Chupa naosha bado, lakini sasa napima na joto la mbuzi. Tunachukua sotoka kutoka kwa ng'ombe mgonjwa, tunamtia mbuzi, kisha kutoka kwa mbuzi huyo tunamtia mwingine, na mwingine, mpaka ukali wake unapungua. Mwishoni tunachukua bandama ya mbuzi, tunaikausha, tunaisaga, na hiyo ndiyo chanjo. Kinacholeta ugonjwa hakionekani hata kwa hadubini. Kinapita kwenye chujio linalowazuia wadudu wengine wote. Bwana Daktari anakiita vairasi. Kabla ya kuja kwenye mifugo alikuwa akichunguza homa za watu, na anasema moyoni mwake anaamini kwamba sotoka ya ng'ombe na surua ya watoto ni ndugu wa tumbo moja. Wenzake wanamcheka. Mimi nimemwambia mpwa wangu ana surua, akaniuliza habari zake kama anavyouliza mzazi.

Sasa neno lenyewe. Sotoka imeingia Singida. Askari wamewekwa njiani, ng'ombe hawapiti, lakini ugonjwa unaruka. Leo uko hapa, wiki ijayo uko maili thelathini, na katikati hakuna ndama aliyekohoa. Bwana Daktari anadhani ni nyati. Mimi najua si nyati. Ni ng'ombe walioko kwa watu. Wazungu wakihesabu zizi la Mnyaturu wanaona ng'ombe wawili, hawajui kwamba wanane wake wako kwa rafiki zake, wanakamuliwa huko, wanalala huko, na anayejua ni mwenyewe na anayemtunzia. Mtu akiogopa ugonjwa anawahamisha alfajiri kwa njia za porini, na ugonjwa unahama nao.

Dada, niandikie ng'ombe wa kwako wako wapi, na waliwahi kuhamia wapi tangu shemeji Gaspari afariki. Nikijua njia za ng'ombe wa nyumba moja tu, nitajua chanjo ianzie wapi. Itabaki kati yangu na wewe.

Ndimi mdogo wako,
Bonaventura


Mgori,
19 Machi 1950

Bonaventura mdogo wangu,

Milele amina. Marahaba. Barua yako ililetwa na katekista, na imefika imelowa kwa sababu aliivusha mtoni kwenye kofia. Mama hajambo, mguu ni ule ule, mdomo pia ni ule ule. Theodora amepona. Ngozi imembambuka kama nyoka na meno mawili ya mbele yametoka, sasa anacheka kwa kuziba mdomo. Uwele umeshika vizuri mwaka huu, na ndege kwerea wakituonea huruma tutakula.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, maana unaandika kama padre siku ya Krismasi. Mara ya tatu sikucheka. Wewe umezaliwa hapa. Unajua kwamba jambo ulilouliza mtu hamuulizi hata baba yake.

Ngoja nikukumbushe, labda mbuzi wako wamekusahaulisha. Gaspari alipokuwa anakufa aliwatoa watu nje, akanitajia mimi peke yangu walipo ng'ombe wake. Tangu arobaini yake ipite, shemeji yangu Urbano anataka kunirithi. Ana mke tayari. Nimekataa, na nimeweza kukataa kwa sababu moja tu. Zizini kwangu wako wawili ambao kila mtu anawaona, na kila baada ya mavuno wanaonitunzia hunilimia, huniletea samadi na maziwa, na watu wanadhani ni kaka zetu wanaonisaidia. Nikiwa na ng'ombe nina samadi, nikiwa na samadi nina shamba, nikiwa na shamba nakaa kwangu, na Theodora anakaa nami. Siku Urbano akijua ng'ombe wapo, atasema ni mali ya ukoo, atawachukua. Nikibaki mikono mitupu nitachagua kuingia kwake au kurudi kwa mama, na nikirudi kwa mama, Theodora anabaki kwao. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Hilo nalo unalijua.

Nimekaa na jambo hili wiki mbili. Kisha ng'ombe wa jirani walianza kutokwa machozi na kuhara damu, tukawazika kumi na mmoja kwa siku nne. Nikasema, Bonaventura ndiye aliyebebwa mgongoni kwangu. Ndiye aliyesoma kwa dume la Gaspari lililouzwa. Nisipomwamini huyu nitamwamini nani?

Haya, andika moyoni. Watano wako kwa Idrissa wa Ikungi, yule aliyekuwa akifuata chumvi pamoja na Gaspari. Wanne wako kwa Andrea wa Ulemo. Kwa Andrea ndiko aliko yule mweupe mwenye sikio lililochanika, ambaye Gaspari alimwita Bibi Arusi kwa sababu hatembei mpaka abembelezwe. Mwezi wa Februari, tuliposikia sotoka iko karibu, watatu wengine waliokuwa kwa Idrissa walipelekwa kwa Andrea wakipitia pori la Mgori, wakapumzika hapa siku mbili, kisha mmoja akafia Ulemo. Labda ndio walioileta kwa jirani yangu. Naumia kuliandika.

Barua hii ukiisoma itie motoni.

Dada yako,
Luciana


Kilimani,
30 Aprili 1950

Dada mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua kimepona. Msalimie mama, mwambie nimepata dawa ya kuchua, nitaituma akipatikana mtu wa kuja huko.

Barua yako ilifika. Asante sana dada. Umetusaidia kuliko unavyoweza kufikiri. Siku ile mmoja alipokufa Ulemo, na siku zile walizopumzika kwako, zinalingana kabisa na ugonjwa ulivyoonekana. Bwana Daktari alisimama mbele ya ramani ukutani, kisha akanishika bega. Hajawahi kunishika bega.

Kazi ni nyingi. Mbuzi arobaini wako kwenye banda jipya na kila mmoja apimwe joto asubuhi na jioni. Nimepewa koti jeupe na chumba changu mwenyewe, na vijana wawili wa kuosha chupa wako chini yangu. Huenda mwakani nikapelekwa Makerere.

Nina haraka, lori la boma linaondoka.

Ndimi,
Bonaventura


Mgori,
11 Juni 1950

Bonaventura,

Milele amina. Marahaba. Hongera ya koti jeupe, ulitunze lisiingie moshi. Mama anangoja dawa yake. Tumevuna, na Theodora amejifunza kupeta bila kumwaga.

Wachanjaji wamepita Ikungi. Idrissa alinitumia salamu kwamba ng'ombe wote wamechomwa sindano na hakuna aliyekufa. Mungu akubariki kwa hilo, nasema kwa moyo wangu wote. Ila ameniambia na neno jingine. Anasema hawakuuliza njia. Walipita mazizi saba bila kusimama, wakaja moja kwa moja kwake, na karani wao akamuuliza, "Wale watano wa mama wa Mgori ni wepi?" Idrissa akasema hajui mama wa Mgori. Karani akatabasamu akaandika.

Katika barua yako umeniambia habari za bega na za koti. Hukuniambia kama uliichoma barua yangu. Niambie neno hilo moja tu, hata kwa mstari mmoja. Katekista anakwenda mjini kila Jumamosi, na nitamngoja njiani.

Luciana


Mgori,
2 Agosti 1950

Bonaventura,

Jumamosi saba nimemngoja katekista. Mama yuko salama. Theodora yuko salama. Salamu zimeishia hapo.

Jumatatu iliyopita jumbe alipiga mbiu, tukakusanyika wote barazani. Alikuja bwana mifugo wa Kizungu na karani wake. Wakasema sotoka inazimika, serikali inashukuru, na sasa kila ng'ombe aliyechanjwa ataandikwa kwa jina la mwenyewe, ili asihamishwe tena bila ruhusa. Karani akafungua karatasi iliyopigwa chapa, akasoma. Alisoma majina ya watu wengi wenye ng'ombe wao zizini, nami nilikuwa nachambua mboga, sina wasiwasi. Kisha akasoma, "Luciana mjane wa Gaspari, Mgori. Watano kwa Idrissa wa Ikungi. Wanne kwa Andrea wa Ulemo, ndiko aliko yule mweupe mwenye sikio lililochanika, ambaye Gaspari alimwita Bibi Arusi kwa sababu hatembei mpaka abembelezwe."

Watu walicheka. Bonaventura, baraza zima lilicheka, hata karani alicheka, akarudia tena. Maneno hayo niliyaandika mimi kwa mkono wangu, na nilikuandikia wewe. Nilikaa na mboga mapajani, nikasikia masikio yamejaa maji. Nilipoinua macho, Urbano hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama, na alikuwa anahesabu kwa vidole.

Siku hiyo hiyo alikwenda Ikungi na ndugu zake wanne. Idrissa hakuwazuia, angewazuia kwa lipi? Lakini wewe uliyesahau kwenu, kumbuka siri ile ilikuwa ya watu wawili. Ilificha utajiri wangu, ilificha na umaskini wake. Miaka yote hii watu wa Ikungi walimwona Idrissa ana zizi, wakamheshimu, wakampa mwanawe mchumba. Walipoona ng'ombe watano wanatolewa na kubaki mmoja na punda, wenye binti wakavunja uchumba. Idrissa aliwalisha ng'ombe wangu mwaka wa njaa kwa majani aliyoyakata kwa mikono. Amenitumia neno moja, kwamba nisimpelekee salamu tena.

Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza barua yangu ilitoka mkononi mwako vipi. Ulilala ikaibwa? Ulilazimishwa? Nipe lolote nilishike, nimwambie mama, maana anauliza na mimi nasema sijui. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako sikuwa najua wanamsema mtoto niliyembeba.

Luciana


Kilimani,
20 Septemba 1950

Dada yangu mpenzi Luciana,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Natumaini mama anaendelea vizuri. Dawa ya kuchua nimempa dereva wa boma, mtaipata. Huku jua ni kali na maji ni ya shida, mbuzi wanakunywa kwa zamu.

Barua yako nimeipata, na kwa kweli imeniumiza. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Naomba unisikilize kwa utulivu.

Bwana Daktari alitaka ushahidi. Mtu wa sayansi hawezi kusema nimeambiwa, lazima aone imeandikwa wapi na nani. Alipoiona alisema majina yote yatafutwa, zibaki tarehe na njia. Nilitafsiri mwenyewe mstari kwa mstari. Nakala ya Kiswahili ilipigwa na karani mwingine, na ilipopelekwa idara ya mifugo mimi nilikuwa bandani. Majina hayakufutwa. Sijui ni kosa la nani. Nilitaka kuichoma, lakini ilikuwa imekwishaingia kwenye faili, na faili si langu.

Nakuomba utazame na upande wa pili. Ugonjwa umesimama. Baada ya barua yako tuliuliza njia za ng'ombe wa nyumba nyingine ishirini na sita, na chanjo ikatangulia mbele ya sotoka badala ya kuifuata nyuma. Hakuna anayeweza kuhesabu ng'ombe waliookoka Singida nzima. Hata hao watano na wanne wako hai. Wangekuwa kwako na wamekufa, wangekusaidia nini? Bwana Daktari ameandika makala na imekubaliwa Ulaya. Ramani niliichora mimi. Jina langu halimo, lakini amenishukuru kwa mdomo, na habari ya Makerere bado anaishughulikia.

Urbano ni shemeji yako, si adui. Huenda mkaelewana.

Neno la mwisho. Ile fikra ya sotoka na surua sasa amepata ruhusa ya kuifuatilia. Anahitaji damu ya watoto waliougua surua mwaka huu, kidogo tu, kijiko kimoja, aipime kama inaweza kuua nguvu ya sotoka. Kama ni kweli, siku moja watoto hawatakufa kwa surua. Ameniambia nikipata watoto kumi, safari ya Makerere itakuwa si ya maneno. Nimemtajia Theodora. Mama wengine wakiona wewe umekubali, watakubali. Nitakuja mwenyewe na sindano mwezi wa Desemba.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Bonaventura


Mgori,
5 Novemba 1950

Kwa Bonaventura,

Marahaba. Dawa ya mama imefika. Anajichua kila jioni na haulizi tena imetoka kwa nani.

Barua yako nimeisoma yote. Nimetafuta ndani yake mahali uliposema umekosa, sijapaona. Nimeona karani, nimeona faili, nimeona Ulaya. Umesema majina hayakufutwa. Kalamu ulikuwa nayo wewe siku ya kwanza, kabla hujampa mtu, na jina langu lilikuwa juu ya karatasi. Ungelikata kwa wembe ingekuchukua muda wa kukohoa. Uliliacha kwa sababu ulitaka aone kwamba wewe una dada anayekuambia yale ambayo hakuna mtu anamwambia mtu.

Na kuhusu ng'ombe waliookoka, nakubali. Wapo. Jirani yangu ana ndama wawili. Nikipita watu wananiambia asante, maana wamesikia ni barua yangu, na mimi naitikia. Sikatai kwamba umefanya kazi nzuri. Ningekuwa naweza kukuchukia bila hilo lingekuwa rahisi zaidi.

Sasa nikupe habari za nyumbani, ndizo ulizozisubiri kwa kutoziuliza. Jumbe aliamua ng'ombe wote tisa ni wa ukoo wa Gaspari, na wale wawili wa zizini pamoja nao. Andrea wa Ulemo aliwaleta mwenyewe kwa miguu, hakutaka kunywa hata maji. Msimu wa kupanda umefika, na shamba langu halina samadi. Urbano alikuja mchana kweupe, akaketi, akasema kwa upole. Alisema, "Mlango wangu uko wazi, na wa mama yako uko wazi. Theodora atakuwa kwangu kwa vyovyote." Niliomba siku tatu. Sikuzitumia zote.

Tangu Oktoba niko kwa Urbano. Mimi ni mke wa pili. Yeye si mtu mbaya, hanipigi, na mke wake mkubwa amenigawia chungu. Padre ameniambia hawezi kunipa komunio nikikaa hivi, kwa hiyo Jumapili nakaa nyuma karibu na mlango, na wengine wakienda mbele mimi namfunga Theodora kilemba hata kama hakijafunguka. Asubuhi nakamua ng'ombe wangu kwa ajili ya nyumba ya mwingine. Wananijua bado.

Kuhusu damu ya Theodora. Kama ungeniomba mwezi wa Machi, ningekaa chini nikamshika mkono mwenyewe huku unamchoma, na ningewaleta na mama wengine, maana mwaka huu surua imezika watoto wanne hapa Mgori na najua kilio chao. Sasa siwezi kukubali wala kukataa. Mtoto sasa ana baba. Mwandikie Urbano, mwombe kwa heshima, umwite shemeji, na umweleze kijiko kimoja ni kiasi gani. Usipitie kwangu.

Na Desemba ukija, fikia kwa mama. Hapa usije ukaniuliza kama sijambo mbele ya watu, nitalazimika kujibu sijambo.

Ulikuwa unaniambia mambo yatabaki kati yangu na wewe. Huku nilipo barua haifungwi kabla mwenye nyumba hajaisoma. Hii ameisoma tangu juu mpaka hapa. Amesema niongeze salamu zake, kwamba anakushukuru sana.

Luciana wa Urbano